Mzigo Ukishavuka Bahari ni wa Nani?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nitauzaje ng'ambo? Nimekuwa wakala wa forodha kwa miaka 22, nusu yake Mombasa na nusu hapa Nakuru, na nafasi niliyo nayo inanitosha kujibu tatu. Ya kwanza nimeipa sehemu kubwa, kwa sababu imebeba jasho la familia 34 na muda wao ni mfupi.

Mama, salamu kutoka Subukia. Sisi ni kikundi cha wakulima 34, na kila mmoja ana miti kama 20 ya avokado aina ya Hass. Msimu uliopita tulipata wastani wa kilo 40 kwa mti. Broka anatulipa shilingi 6 kwa tunda. Sasa kuna kijana amekuja, anasema ana mnunuzi Shanghai na atatupa shilingi 140 kwa kilo, pesa zifike mzigo ukishauzwa huko. Anataka tutie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi na tuanze kuvuna Desemba, maanake anasema wakati huo bei ya Uchina iko juu. Wanachama wengi wamekubali. Mimi ndiye katibu. Moyo wangu unakataa lakini mbele ya mkutano nakosa la kusema.
*Katibu wa kikundi, Subukia*

Katibu, moyo wako unakataa kwa haki. Nitakupa la kusema.

Anza na yale maneno "pesa zifike mzigo ukishauzwa huko". Hiyo ni mali kauli. Umempa mtu mali kwa neno lake, na mpaka auze, mali bado ni yako. Kwa duka la mtaani mali kauli ina maana, kwa sababu ukitaka kujua kama sukari yako imeuzwa unavuka barabara na kuchungulia rafu. Avokado zako zikiwa Shanghai utachungulia wapi? Zikioza baharini, zimeoza zako. Zikikataliwa bandarini, zimekataliwa zako, na gharama ya kuzitupa pia ni yako. Kijana huyo hajaweka hata shilingi yake moja hatarini.

Nasema hivi kwa sababu nililiona. Mwaka 2016 nilitayarisha karatasi za kontena moja la avokado kutoka vilima vya Kisii kwenda Ulaya. Msafirishaji, ambaye simtaji, aliwaambia wakulima maneno yale yale mliyoambiwa ninyi. Matunda yalichumwa mapema Januari. Sikuuliza yamekomaa kiasi gani. Kazi yangu ilikuwa hati, na hati zilikuwa sawa. Kontena lilipofunguliwa upande ule, mnunuzi alituma picha. Ngozi ya tunda ilikuwa imesinyaa mithili ya ndimu iliyosahauliwa kabatini, na nyama ya ndani, alivyoandika, ilivutika kama mpira. Matunda hayo hayakuiva wala yasingeiva kamwe. Alikataa mzigo wote. Kwa kuwa ulikuwa wa mali kauli, hakuwa na deni la mtu. Msafirishaji alizima simu.

Wakulima walikuwa na namba yangu kwa sababu muhuri wangu ulikuwa kwenye hati. Wiki moja baadaye mzee mmoja alipanda matatu kutoka Kisii mpaka ofisini kwangu akiwa na daftari la shule, la kurasa 32, lenye majina 17 na kilo za kila mmoja kwa kalamu ya buluu. Aliliweka mezani akaniomba niwasomee majina yale kwa sauti, yeye akiwa pale, mmoja mmoja. Nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua daftari lake, akarudi. Nilibaki na nakala ya ukurasa ule na ninayo mpaka leo. Tangu siku hiyo siandiki hati ya tunda lolote kabla ya kuuliza limepimwa ukomavu na nani.

Hapo ndipo penye jambo la pili, Desemba. Msimu mkuu wa Hass huku kwetu ni kuanzia Machi hivi mpaka Septemba. Kuelekea mwisho wa mwaka, Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, ile tunayoiita HCD, hutoa tangazo la kufunga uvunaji wa avokado za kwenda ng'ambo kwa meli, kwa kawaida Oktoba au Novemba, hadi matunda mapya yakomae. Watu hulalamika kwamba serikali inawabana. Mimi nimeona picha za 2016, na ninaunga mkono kufunga huko kwa moyo wote. Tunda changa haliivi likifika, linakauka tu. Mnunuzi wa Shanghai au Rotterdam akila moja kama hilo haulizi jina la mkulima wala la kilima, anasema avokado ya Kenya ni mbaya na ananunua ya Peru.

Ukomavu unaupima mwenyewe hapo hapo nyumbani. Chuma matunda kumi kutoka miti tofauti. Lipasue moja katikati kwa urefu utazame mbegu kwanza: ganda lake likiwa jeupe na nene, limelowa, acha kuvuna. Likiwa limegeuka kahawia na kuwa jembamba kama karatasi, endelea. Menya, kisha paruza nyama vipande vyembamba kwa kile kimenyeo cha karoti. Pima gramu 10 kamili kwa mizani ndogo inayosoma desimali, ile wanayotumia wauza dhahabu na viungo. Tandaza kwenye sahani, tia ndani ya maikrowevu kwa moto mdogo, dakika chache chache, ukitoa na kupima, mpaka uzito ugome kushuka. Usiache iungue, ikianza kunusa kama karanga za kukaangwa umepita. Kilichobaki ndicho kitu kikavu cha tunda. Ikibaki gramu 2.1 ni asilimia 21, na hicho ndicho kiwango cha chini cha Hass katika viwango vya kimataifa vya Codex. Safari ya mwezi mzima baharini inataka zaidi ya hapo, na mnunuzi makini atakuandikia anachotaka. Rudia kwa matunda yote kumi, maana matunda ya bondeni na ya kilimani hayakomai siku moja. Fanyeni kipimo hiki mbele ya mkutano. Leteni mizani, wanachama waone namba kwa macho yao. Itasema kuliko wewe.

Sasa Uchina yenyewe. Soko lile ni kubwa kweli, na nafurahi kila ninapoona kontena letu likielekea huko, lakini mlango wake una funguo zake. Mwaka 2019 tulikubaliwa kupeleka avokado iliyogandishwa tu, imenywe kwanza kisha igandishwe nyuzi 30 chini ya sifuri, na wenye mitambo hiyo nchini walikuwa wa kuhesabu. Avokado mbichi ilipata makubaliano Januari 2022, waziri wa mambo ya nje wa Uchina Wang Yi alipofika Mombasa, na mizigo ya kwanza ikaondoka Agosti mwaka huo. Sharti ni kwamba shamba lisajiliwe na KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea, ghala la kufungashia nalo lisajiliwe, na forodha ya Uchina ikubali. Wanaogopa nzi wa matunda na wadudu wengine wasiowataka kwao, kwa hiyo wanataka katoni iweze kufuatwa nyuma mpaka shambani.

Kwa hiyo muulizeni kijana maswali mawili tu. Namba ya ghala lenu la kufungashia lililokubaliwa Uchina ni ipi? Na mashamba yetu 34 yana namba gani? Kama hana la pili, basi mjue matunda yenu yataingia kwa namba ya shamba la mtu mwingine. Huo ni uongo wa hati, na ukigunduliwa hauadhibu Subukia peke yake. Unaweza kufungia nchi nzima mlango uliochukua miaka kufunguliwa. KEPHIS wana ofisi hapa Nakuru. Nendeni na majina mawili ya kijana huyo, lake na la kampuni yake, mkaulize. Nauli ya matatu kutoka Subukia haiwashindi.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu najua ile 140 ndiyo iliyowanyima watu usingizi. Katoni ya kusafirisha ni kilo 4, na namba iliyoandikwa juu yake ni idadi ya matunda yaliyoingia. Namba 16 maana yake kila tunda lina gramu 250. Basi shilingi 6 za broka kwa tunda kama hilo ni shilingi 24 kwa kilo. Kutoka 24 hadi 140, nani hatashawishika? Lakini broka anabeba mti mzima, na 140 ni ya tunda lililopita ukaguzi peke yake. Lenye kovu la upepo, lililochomwa na jua, lililochumwa bila kikonyo, dogo mno, yote yanarudi kwenu. Kwa kikundi kinachoanza nimeona theluthi nzima ikirudi. Miti yenu 680 kwa kilo 40 ni kilo 27,200. Toa theluthi, mnabaki na tani 18 hivi, na hazikomai siku moja. Mtavuna mara tatu, tani 6 kila mara. Kontena la baridi la futi 40 linabeba katoni zaidi ya 5,000, yaani tani 20 na kitu. Ninyi peke yenu hamwezi kulijaza hata mara moja. Atakayelijaza atachanganya matunda yenu na ya watu msiowajua, na moja likioza ndani ya kontena lililofungwa linaivisha majirani zake.

Ushauri wangu ni huu. Tafuteni ghala ambalo tayari linasafirisha na lina leseni ya HCD, mwauzie kwa kilo, na mkataba useme waziwazi kwamba mali inahama mikononi mwenu kwenye mizani ya ghala. Baada ya mizani, baridi ya kontena, meli, Shanghai, yote ni yao. Karatasi ya mizani na ya ukaguzi ipewe mkulima siku hiyo hiyo ikiwa na kilo zilizopita na zilizokataliwa. Malipo ndani ya siku 14. Wakiwapa shilingi 70 kwa masharti hayo, chukueni 70. Mimi ningeichukua hiyo 70 ya mizani mbele ya 140 ya Shanghai kila msimu, bila kuwaza mara mbili. Msimu wa pili au wa tatu, mkishasajili mashamba na kuungana na vikundi vya Bahati na Solai, ndipo mzungumze kuhusu kontena lenu wenyewe.

Na kama kijana ni mkweli? Atakubali kuleta sehemu ya pesa kwanza. Mwambieni alipe nusu mzigo ukipimwa. Jibu lake litamaliza mkutano.

Shikamoo Mama. Mimi ni mchongaji wa mawe hapa Tabaka, kazi niliyorithi kwa baba. Mama mmoja mwenye duka Chicago aliona kazi zangu kwa simu na ameagiza bakuli 600 zenye rangi. Ametuma theluthi ya pesa benki, na imeingia. Anasema tumuwekee kwenye masanduku ya mbao, yeye atachukua mzigo Mombasa. Nifanye nini nisimvunje moyo?
*Mchongaji, Tabaka*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Huyu mama amefanya biashara ipasavyo: pesa mbele, na mzigo ni wake kuanzia Mombasa. Mkataba wako uandike hivyo hivyo, FOB Mombasa, yaani mzigo ukishapakiwa melini pale ni wake, na theluthi mbili zilizobaki zilipwe kabla hati za meli hazijatoka mkononi mwako. Hapo umelala salama. Kilichobaki ni mambo madogo ambayo yamewafilisi watu wazima.

Masanduku. Mbao za fundi wa pale Nyachenge au sokoni Suneka hazitavuka. Marekani wanataka mbao za kufungia mzigo ziwe zimepitishwa kwenye joto, nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30, zikapigwa muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi KE na HT. Nunua kwa mtengenezaji anayetambuliwa na KEPHIS, na kabla ya kulipa kauone muhuri wenyewe kwenye mbao, si kwenye simu yake. Ndani msiweke majani makavu ya migomba kama tunavyofunga mzigo wa kwenda Nairobi. Ni mimea, na forodha yao inaweza kuzuia kila kitu kwa ajili ya majani ya shilingi kumi. Tumieni karatasi na kadibodi zilizokatwakatwa, na kila bakuli livikwe peke yake. Ukitaka kujua kama umefunga vizuri, fanya ninavyofanya: funga sanduku moja, liangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye sakafu ya saruji, kisha lifungue. Mawe yetu ni laini, kucha inayakwaruza. Kingo ndizo zinazokatika kwanza.

Kila bakuli liandikwe lilipotoka, kwa Kiingereza, "Made in Kenya", mahali panapoonekana. Ni sheria yao. Kwa jiwe, lichonge chini ya kitako kabla ya kupaka nta, stika hubanduka. Halafu muulize kwa maandishi kama bakuli ni za kupamba au za kulia chakula, kwa sababu rangi nyingi tunazonunua kwa makopo hazifai kugusana na chakula. Akisema za chakula, ndani usipake kitu.

Ushuru wa upande wake ni wake kulipa, lakini umkumbushe. Ile sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000, iliyowaingizia Waafrika wengi mizigo huko bila ushuru, muda wake uliisha 30 Septemba 2025, kisha Februari 2026 ukarefushwa hadi 31 Desemba 2026 tu, na tangu 29 Agosti 2025 vifurushi vya chini ya dola 800 navyo havipiti bure tena. Viwango vya Marekani vimekuwa vikibadilika haraka, kwa hiyo amuulize wakala wake wa huko kiwango cha siku ambayo meli yako inaondoka, akuandikie. Ukimwambia hivyo mapema, hatakulaumu bili ikija.

Jambo moja la mwisho, na nisamehe nikikusemesha kama mama. Najua kina mama wa Tabaka wanasugua bakuli ndani ya beseni la maji, na hao mapafu yao yana nafuu. Wewe unayechonga kavu na msumeno, vaa barakoa kila siku ya kazi hii. Bakuli 600 ni vumbi la miezi.

Mama, mimi ni msichana wa Kondele, Kisumu. Natengeneza manukuu ya video kwa kampuni moja ya Texas. Wamenitumia fomu inaitwa W-8BEN, na wanataka kunilipa baada ya siku 60. Je, nahitaji leseni ya kusafirisha nje? Naogopa kukatwa kodi mara mbili.
*Mwandishi wa manukuu, Kisumu*

Binti yangu, ndiyo, unauza nje, ingawa hakuna kontena. Leseni ya kusafirisha bidhaa huihitaji.

Fomu hiyo isikutishe. Inawaambia kwamba wewe si Mmarekani, na kwa kuwa kazi unaifanyia Kenya, hupaswi kukatwa ile asilimia 30 wanayowakata wageni kwa mapato yanayotoka kwao. Ijaze kwa jina lako lilivyo kwenye kitambulisho na Pini yako ya KRA, warudishie wao. Haipelekwi serikalini na wewe. Kodi yako unalipa hapa, na ritani yako ya mwaka iingie kabla ya 30 Juni. Siku biashara ikikua mpaka ukasajiliwa kwa VAT, ujue huduma zinazouzwa nje zinatozwa asilimia sifuri tangu Julai 2023, mradi uwe na ankara yenye jina na anwani ya mteja wa nje na ushahidi wa benki kwamba pesa zilitoka huko. Weka hizo karatasi kuanzia video ya kwanza.

Siku 60 ndizo zinazonisumbua. Kazi yako ikishatumwa kwa barua pepe huwezi kuirudisha, tofauti na mchongaji wa Tabaka ambaye bado ana hati mkononi. Mwambie akulipe kwa vipande: video tano, ankara, malipo ndani ya siku saba, halafu tano nyingine. Asipolipa za kwanza, umepoteza tano badala ya hamsini. Na zile za kwanza mpe zikiwa na alama yako juu ya picha, uitoe pesa zikiingia. Mwandikie leo hii, kabla hujaanza ya sita.